Uwanja wa mtaa wetu wanataka kuuzungushia fremu. Mnazi Mmoja na Arnautoglu vimeponaje miaka yote hii?

Mwana_Gerezani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mtaani kwetu, sitautaja, wenyewe mtajijua, umebaki uwanja mmoja tu wa wazi. Pembeni yake kuna kiukumbi cha jamii kilichojengwa kwa michango ya wakazi, kila kaya ilitoa chochote. Sasa kwenye mkutano wa mtaa imeletwa hoja: uwanja uzungushiwe fremu za maduka pande tatu, kodi iingie, na hiyo kodi ndiyo ikarabati ukumbi. Wanaoiunga mkono wana sababu ambayo siwezi kuibeza. Uwanja ulivyo leo ni vumbi mchana na bangi usiku. Ukumbi unafunguliwa kukiwa na harusi, ikiisha kufuli linarudi.

Mimi napinga. Ila nimechoka kusikia tunapinga kwa maneno ya semina, "mapafu ya jiji" sijui nini. Mwenye njaa ya fremu hayamwingii. Nataka tutazame mahali ambapo uwanja na ukumbi vimekaa ubavu kwa ubavu katikati ya Dar, kwenye ardhi inayotolewa macho kuliko zote, na bado vipo. Mnazi Mmoja na jengo la Arnautoglu.

Fikirieni pale palivyo. Huku Lumumba, huku Bibi Titi, ukivuka barabara uko Kariakoo ambako watu wanapangisha hadi ngazi za jengo. Kama fremu zingekuwa na pa kuota zenyewe, zingeota pale. Hazijaota.

Maelezo yangu ni haya, mniambie kama yana mashiko: uwanja haulindwi na kibao cha "Eneo la Wazi, Usijenge". Unalindwa na shughuli za kila siku zinazofanywa na watu wanaojulikana, na shughuli zinahitaji paa, choo na mtu mwenye ufunguo anayepatikana. Arnautoglu ililetea Mnazi Mmoja vyote hivyo. George Arnautoglu alikuwa mfanyabiashara Mgiriki, akatoa hela, kituo kikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwa kituo cha jamii cha Waafrika. Madarasa ya watu wazima, michezo, dansi, mikutano. Watu wakawa na sababu ya kwenda pale Jumanne na Alhamisi, siyo sikukuu tu.

Karibuni.

---

Simba_wa_Tandika

Uzi mrefu, hauna picha. Ngoja nikae siti ya nyuma.

---

Kongwe_wa_Aggrey

Mwanangu Gerezani, umeandika vizuri, ila usituanzishie hadithi katikati. Ule uwanja haukuzaliwa ili watu wapumzike.

Wajerumani mwaka 1914 waliugawa mji wa Dar kwa kanuni za ujenzi, kanda tatu. Ya kwanza nyumba za kizungu, ya pili biashara na Wahindi, ya tatu ndiko tuliko sisi, nyumba za udongo na makuti. Vita ikawakuta njiani. Waingereza walipokuja wakaikamilisha kazi. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa utepe wa ardhi tupu. Sababu waliyoitaja ilikuwa afya, magonjwa yasivuke. Nyumba za watu zilizokuwa ndani ya huo utepe zikaondolewa. Yaani Mnazi Mmoja ilikuwa uzio wa kututenga, tofauti ni kwamba haukuwa wa matofali.

Sisemi hili kukupinga. Nasema kwa sababu linaipa nguvu hoja yako pale usipopaona. Mtawala aliacha ardhi tupu ili watu wasikutane, na watu wakaenda kukutana hapo hapo. Mpira, ngoma, maulidi, swala ya Idi, baadaye siasa. Hakuna aliyewapa uwanja ule. Waliukalia.

---

Mwana_Gerezani

Shikamoo mzee wangu. Hii ndiyo elimu niliyokuwa naitafuta.

---

Kongwe_wa_Aggrey

Marahaba. Basi na hili nalo. Pembeni ya uwanja huo huo, New Street ya zamani ambayo leo ni Lumumba, African Association, chama cha Waafrika cha wakati huo, walijenga ofisi yao miaka ya 1930. Wanachama walijitolea nguvu zao wenyewe, Jumapili Jumapili. Kwa hiyo kabla ya ukumbi wa Mgiriki, Waafrika walikuwa na jengo lao pembeni ya uwanja wao. Ndani ya jengo hilo ndimo TANU, chama kilichodai uhuru, ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Na mwaka mmoja kabla, Aprili 1953, uchaguzi wa TAA, ndiyo ile ile African Association kwa jina jipya, ulifanyika Arnautoglu. Mwalimu Nyerere, wakati huo akifundisha Pugu, akachaguliwa kuwa rais wa chama, Abdulwahid Sykes akawa makamu wake. Kikao cha chama cha Waafrika kikafanyika ndani ya ukumbi wa serikali ya kikoloni. Waliufungua ili watu wajifunze ustaarabu wao na wacheze ngumi badala ya siasa, watu wakaingia na siasa zao mfukoni.

---

Keko_Machungwa

Naheshimu historia, lakini hapa mnatuzungusha. Mnazi Mmoja haijaliwa kwa sababu ni ya serikali, basi. Pana mnara wa Mwenge wa Uhuru. Pamekuwa pakifanyika maadhimisho ya Mashujaa 25 Julai, gwaride na mashada ya maua. Upande wa pili wa barabara kuna ofisi ndogo ya CCM. Nani atathubutu kuweka fremu mbele ya mnara na mbele ya chama? Mtaani kwenu hakuna mnara. Mna magoli ya mirunda.

Ukitaka mfano, leta uwanja usio na ulinzi wa wakubwa.

---

Mwana_Gerezani

Keko, swali zuri na nilikuwa nalingoja. Jiulize mnara umewekwa pale kwa nini. Kulikuwa na ardhi tele Dar ya wakati ule. Umewekwa Mnazi Mmoja kwa sababu ndipo watu walipozoea kukusanyika. Mikutano ya hadhara ya TANU ya mwanzo ilikuwa pale, mpaka umati ukawa mkubwa wakahamia Jangwani. Serikali ilikuja kuweka alama mahali ambapo tayari palikuwa na wenyewe. Matumizi yalitangulia, ulinzi ukafuata. Sisi tunataka ulinzi uanze ndipo tuanze kutumia.

---

Keko_Machungwa

Sawa, nusu nimekubali. Nusu nyingine bado. Leo hii mtoto wa Kariakoo anacheza mpira Mnazi Mmoja? Pana uzio, pana bustani, pana shughuli rasmi. Na Arnautoglu yenyewe kila nikiisikia kwenye habari ni kikao cha madiwani, au semina ya wasimamizi wa uchaguzi, au majumuisho ya kura. Ndiyo kituo cha jamii hicho? Hiyo ni ofisi yenye jina la zamani.

---

Mama_Salha

Hapo umesema kweli, ila usilisemee jengo lote. Mama yangu mzazi alijifunza kushona Arnautoglu. Alikuwa akitoka nyumbani Mtaa wa Swahili asubuhi akiwa amemfunga mdogo wangu mgongoni, cherehani walikuwa wanapokezana, wawili cherehani moja. Mpaka leo akikata gauni anapima kwa shubiri kwanza halafu ndipo futi, anasema mwalimu wao aliwaambia futi itapotea, mkono haupotei. Nguo za Idi za mtaa mzima zilipita mikononi mwake.

Sasa mniulize kwa nini alikwenda pale na siyo kwingine. Palikuwa karibu, palikuwa na choo cha wanawake kinachofungwa kwa ndani, na baba alikuwa anapajua. Mambo matatu tu. Nyie wanaume mnajadili minara, sisi tunaangalia choo.

Huo uwanja wenu, Gerezani, una choo?

---

Mwana_Gerezani

Kipo ndani ya ukumbi. Ukumbi ukifungwa nacho kimefungwa.

---

Mama_Salha

Basi mmeshajibu swali lenu. Mwanamke hawezi kukaa uwanjani na watoto saa tatu bila choo. Wazee wenye sukari hawawezi. Wakiondoka hao, uwanja unabaki wa vijana wa kiume peke yao, na usiku unabaki wa hao wa bangi. Bangi haikuja kwa sababu uwanja uko wazi. Ilikuja kwa sababu wengine wote walishaondoka.

---

Simba_wa_Tandika

Mama Salha kapiga penalti, kipa kaenda upande mwingine 😂 Nimerudi siti ya mbele.

---

Msee_wa_Jericho

Salamu kutoka Nairobi, wasee. Hii mada inanihusu sana kwa vile nimelelewa Eastlands.

Huku kwetu mtaa wa Kaloleni ulijengwa miaka ya arobaini na mpango wa bustani: nyumba zimezunguka nyasi, na katikati kuna ukumbi wa jamii. Ulikuwa mtaa wa Waafrika waliofanya kazi Reli na kwingineko. Huo ukumbi ndio wanasiasa wetu walikuwa wanakutania, hadi watu wakauita House of Commons. Mbele kidogo kuna Pumwani Memorial Hall, ya miaka ya ishirini, kumbukumbu ya Waafrika waliokufa kwa vita ya kwanza ya dunia. Ngumi, densi, vyama vya wafanyakazi, yote yalipitia kwa hizo kumbi.

Zile nyasi za Kaloleni zimepunguzwa sana na vibanda. Mtu anaongeza chumba kimoja, jirani anaona, naye anaongeza. Hakuna siku moja ungeweza kusema "leo uwanja umeibiwa". Unaibiwa kwa inchi. Lakini maktaba ndogo ya Kaloleni, hapo hapo karibu na ukumbi, ilikarabatiwa na Book Bunk, lile shirika lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Watoto wakaanza kujaa. Ukiangalia vizuri, mahali watoto wanapita kila siku na vitabu, vibanda haviko karibu sana. Mwenye kibanda pia ni mzazi.

---

Keko_Machungwa

Sasa hapo ndipo mmenipa mfano. Kaloleni haina mnara. Na nyasi zimeliwa pamoja na kuwa na ukumbi wenye historia. Kwa hiyo ukumbi peke yake hautoshi, Gerezani. Historia haitoshi.

---

Msee_wa_Jericho

Haitoshi kabisa. Uhuru Park yetu ilipona 1989 kwa sababu Wangari Maathai alisimama kidete dhidi ya jengo la ghorofa sitini, na alitukanwa sana kwa hilo. Mtaani hakuna Wangari kila kona.

---

Mwana_Gerezani

Ndiyo maana nasema shughuli, sisemi jengo. Jengo ni pa kuhifadhia shughuli tu. Kaloleni inanionyesha kwamba ukumbi ukilala, nyasi zinaliwa, na maktaba ikiamka, ulaji unapungua. Nasoma sawa?

---

Msee_wa_Jericho

Sawa, ila ongeza: huku nyasi hazikuwa na mwenyewe kwenye karatasi aliyekuwa anafuatilia. Hilo mlifikirie.

---

fundi_bikoni

Naingia kwa hilo la karatasi, ni kazi yangu ya kila siku.

Kabla hamjabishana na mtu yeyote, nendeni kwa afisa mipango miji wa halmashauri yenu mkaombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Siyo ramani ya simu. Mchoro ulioidhinishwa. Pale mtaona huo uwanja umeandikwa nini: eneo la wazi, uwanja wa michezo, au jengo la umma. Kila kimoja kina tafsiri yake. Mara nyingine utakuta ukumbi umejengwa juu ya kipande ambacho mchoro unasema ni uwanja, na hiyo ikawa silaha ya anayetaka kuvunja vyote viwili.

Pili, muulize kama eneo limepimwa. Kupangwa na kupimwa ni vitu viwili. Eneo lililopangwa bila kupimwa halina bikoni, yaani zile alama za mipaka zenye namba, na uwanja usio na bikoni unahama. Nimeshuhudia uwanja wa mpira ambao kila miaka michache goli moja linasogezwa, kwa sababu nyuma yake nyumba zinasogea. Wachezaji wanazoea. Mwisho wanacheza saba kwa saba wanadhani ni mtindo.

Tatu, mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kubadilisha matumizi ya ardhi, na mkutano wa mtaa hauna pia, hata mkinyoosha mikono wote. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaliweka jambo hilo kwa mamlaka ya upangaji, na kuna hatua zake, ikiwemo umma kujulishwa na kupewa nafasi ya kupinga. Kwa hiyo fremu zikijengwa kwa muhtasari wa mkutano tu, hao wapangaji wenu wanaweza kuja kuvunjiwa na hawana wa kumdai.

Hili la mwisho ndilo mkaliseme kwenye mkutano. Msiseme "mnaharibu mazingira". Semeni "mtu atakayelipa kodi ya mwaka mzima anajua kwamba anaweza kuvunjiwa?" Mtaona mikono inavyoshuka.

---

Simba_wa_Tandika

Fundi huyu apewe soda.

---

Dalali_mstaafu

Niwe wa upande wa pili kidogo maana humu wote mnaimba wimbo mmoja. Mimi ndiye mngeniita adui. Hoja ya fremu siyo ujinga. Ukumbi unahitaji hela. Bati linavuja, umeme, maji, mlinzi. Tuseme fremu kumi, laki moja kila moja kwa mwezi, hiyo ni milioni. Nyinyi na vikoba vyenu na cherehani mtaleta milioni kwa mwezi? Uwanja usio na kipato unabaki kuombaomba kwa diwani kila bajeti. Ujamaa mzuri ila bili ya umeme haijui ujamaa.

Na msinitajie Mnazi Mmoja, ile ina bajeti ya halmashauri nyuma yake.

---

Mama_Salha

Dalali, hiyo milioni umeipiga hesabu fremu zikiwa zimeshajengwa. Nani anazijenga? Mwekezaji. Mwekezaji anasema nitajenga kwa hela yangu, nitajikata kwenye kodi mpaka nimalize kurudisha gharama. Miaka inakwenda, gharama haziishi kurudi. Tumeliona hilo kwenye masoko, kwenye stendi, kwenye vyoo. Mtaa unaambulia rangi mpya ya ukumbi mwaka wa kwanza.

Hesabu yangu ni ndogo ila hela yake inaingia mkononi. Ukumbi ukifunguliwa siku sita: asubuhi chekechea, wanalipia. Mchana vikoba viwili vitatu kwa zamu, wanalipia kidogo. Jioni mazoezi ya kina mama na karate ya watoto. Jumamosi harusi, hapo mnatoza hela kamili. Choo kinakuwa cha kulipia kwa wapita njia na bure kwa watoto wanaocheza. Mama mmoja anauza chai na vitumbua kibarazani, analipia kibaraza, na huyo ndiye mlinzi wenu wa mchana bila mshahara, kwa sababu hataki wahuni wamfukuzie wateja.

Haifiki milioni. Na haihitaji kufika.

---

Dalali_mstaafu

Chekechea ndani ya ukumbi wa harusi? Viti vinahamishwa na nani kila siku?

---

Mama_Salha

Watoto wa chekechea wanakaa kwenye mikeka, baba. Hebu tulia.

---

Keko_Machungwa

😂😂 Dalali kaa chini.

Lakini kwa hela, mfano wa karibu zaidi na hali ya Gerezani siyo Mnazi Mmoja, ni Kidongo Chekundu. Uwanja wa pale, JMK Park, ulifunguliwa Oktoba 2015 na Rais Kikwete, kampuni ya umeme ya Symbion wakishirikiana na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Nyasi bandia, viwanja vya kikapu, na yote hayo mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Palikuwa pa wazi tu hapo awali. Kilichobadilika siyo nyasi peke yake, ni ratiba. Timu inajua saa yake. Ukichelewa, wengine wanaingia. Vijana wanaona uwanja una thamani kwa sababu wanaupigania saa, siyo eneo.

Kasoro yake ni kwamba ulihitaji kampuni kubwa kuanza. Mtaa wa kawaida hauna Sunderland.

---

Mwana_Gerezani

Ratiba haihitaji Sunderland. Inahitaji ubao na chaki.

---

Kongwe_wa_Aggrey

Na mtu wa kuiheshimisha. Zamani Arnautoglu ilikuwa na afisa wa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ilikuwa hiyo. Vituo vya Ilala Amana na Magomeni navyo hivyo hivyo, watu wa umri wangu wanavikumbuka. Baadaye dansi likahamia kumbi nyingine, DDC Kariakoo na kwingineko, kwa kuwa kulikuwa na bia na kiingilio. Kituo cha jamii kikabaki na vikao. Ukumbi ukianza kupangishwa kwa saa kwa yeyote mwenye hela, yule afisa anakuwa mtunza funguo, na mtunza funguo hana haja ya kujua jina la mtoto yeyote.

Msinielewe vibaya, nimecheza dansi hizo. Nasema tu kilichotokea.

---

Shangazi_wa_Ngambo

Assalamu alaykum ndugu zangu wa bara. Nami niseme la kwetu Unguja.

Forodhani mnaijua nyote, hata ambaye hajafika kaiona kwenye picha. Ilitengenezwa upya na Aga Khan Trust for Culture, ikafunguliwa 2009. Wakati wa matengenezo wauza vyakula walihamishwa, na hofu ilikuwa kuwa hawatarudi, itakuwa bustani ya wageni. Walirudi. Na mie nasema waliorudisha uhai pale ni hao, si mawe mapya. Jioni ukenda, mtoto wa Mkunazini anaogelea, mzee kakaa ukutani, mgeni anapigiwa kelele anunue zanzibar piza. Hapana ugomvi kwa sababu kila mmoja ana lake.

Ila sisi watu wa Ng'ambo tuna Raha Leo, na hapo pana somo jengine. Kilijengwa kituo cha raia enzi za Muingereza, baada ya vita kuu ya pili, kwa ajili ya watu wa upande wetu. Ikawekwa na redio. Januari 1964 Mapinduzi yalipotokea, Raha Leo ikawa makao ya wanamapinduzi, kwa sababu ya redio na kwa sababu ndipo watu walipo. Tokea hapo jengo limekuwa na mambo mengi ya serikali. Kwa hiyo mie nasema kituo cha jamii kikiwa na umuhimu mno, wakubwa hukitaka. Choo na mikeka, hakuna mkubwa atakaevitaka. Endeleeni na mikeka.

---

Simba_wa_Tandika

"Endeleeni na mikeka" 🙌🏾

---

Dalali_mstaafu

Haya, mmenizidi idadi, siyo hoja. Niwape kitu kimoja cha faida basi, maana nimekaa upande ule. Mkitaka kuua hoja ya fremu, msiende mkutanoni mikono mitupu. Aliyeileta ana karatasi yenye namba. Nyie nendeni na karatasi yenye namba. Ratiba ya wiki ya ukumbi, majina ya vikundi vitakavyolipia, kiasi, saini za viongozi wao. Kamati ya watu watano na akaunti ya benki yenye sahihi tatu, awemo mwanamke mmoja ambaye hapendwi na mwenyekiti. Mkisema "tutajipanga", mmeshindwa kabla ya dua ya kufungulia.

Na taa. Wekeni taa mbili za sola kwenye pembe za uwanja kabla ya mkutano. Mchangishane. Watu wakija mkutanoni wakiwa wameshaona usiku mmoja bila giza, nusu ya hoja ya fremu imekufa, kwa sababu hoja ile inaishi kwa ile bangi.

---

Keko_Machungwa

Huyu mzee alikuwa anatupima tu 😂

---

Mama_Salha

Madalali wote ni hivyo, wanakujua bei yako kwanza.

Gerezani, kwa vikundi: kile kikundi cha joging cha Jumamosi kipo mtaani kwenu? Kama kipo waandikeni wa kwanza. Wana fulana, wana kadi, wana mwenyekiti na mweka hazina, na wakisema wanakuja wanakuja sitini. Vikoba wawili. Timu ya maveterani. Madrasa na kwaya wote wawili kwa pamoja, msiandike mmoja mkamwacha mwingine, mtaanzisha kitu kingine. Na zahanati, wakitaka pa kutolea chanjo wanapenda ukumbi wenye kivuli.

---

fundi_bikoni

Na vijana wanaoosha pikipiki pale pembeni, kama wapo. Wasajilini kikundi, waombe mkopo wa halmashauri wa vijana, ile asilimia kumi ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Wahamishieni kwenye kona isiyochezewa, wawe na bomba lenye mita yao. Mkiwafukuza watakuwa mashahidi wa upande wa fremu, maana fremu zimewaahidi eneo.

---

Mwana_Gerezani

Wapo, na kweli wameahidiwa. Sikuwa nimeliunganisha hilo.

Mpango wangu: Jumatatu asubuhi niko halmashauri kuomba mchoro. Joging nimeshampigia katibu wao, amekubali, anataka tu ahadi kwamba watapata choo saa kumi na mbili asubuhi. Kuhusu taa, mwenye duka la vifaa vya umeme mtaani amekubali kutupa kwa mali kauli, tulipe kidogo kidogo. Nitaleta mrejesho.

Fundi, swali: nikienda kuomba mchoro niende kama nani? Mimi si mjumbe wala sina cheo.

---

fundi_bikoni

Nenda kama mkazi. Beba barua fupi ya kuomba taarifa, taja mtaa na kata, ambatisha majina ya wakazi kumi na sahihi zao na namba za simu. Nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Ukiambiwa mchoro haupo, usibishane, andika chini jina la aliyekuambia na tarehe, kisha uliza ofisi ya ardhi ya mkoa. Na kabla ya Jumatatu, zunguka uwanja wote na simu, piga picha kila kona, bikoni ukiziona piga karibu namba ionekane. Kama ile ya nyuma ya goli imeng'olewa, piga picha shimo lake.

---

Mwana_Gerezani

Nimezunguka jioni hii. Tatu zipo. Ya nne imejengewa jiko la mama ntilie juu yake.

---

Mama_Salha

Mama ntilie nani? Kama ni yule wa wali maharage usimguse mpaka nije niongee naye mwenyewe.